Ng'ombe Akifa Ghafla, Usimpasue

Kazi yangu ni ya mifugo, vijijini, na hakuna ushauri ninaourudia kama huu: ng'ombe, mbuzi au kondoo akifa ghafla, hasa akitokwa na damu nyeusi isiyoganda puani au njia ya haja, usimpasue wala usimchune. Watu hunisikiliza kwa heshima, kisha mmoja huuliza, "Daktari, hata nyama tukiichemsha sana?" Ni swali la haki. Ng'ombe mmoja ni ada ya shule ya mtoto. Kwa hiyo siku hizi siishii kukataza. Naeleza kinachotendeka ndani ya mzoga ule ikiwa kilichomuua ni kimeta, ugonjwa ninaouhofia hapo.

Kimeta huletwa na bakteria aitwaye Bacillus anthracis. Katika damu ya mnyama huwa na umbo la kijiti, anakula na kugawanyika. Kwa umbo hilo ni dhaifu. Mzoga usipofunguliwa, oksijeni huisha, bakteria wa uozo humzidi nguvu, na wengi wa bakteria wa kimeta hufa katika siku chache. Kisu kikipita, damu humwagika, hewa inampata huku chakula kikimwishia. Hapo ndipo anapoanza kujigeuza spora, yaani umbo gumu la kujihifadhi.

Hunakili vinasaba vyake, kisha hujenga ukuta, si katikati kama anapozaliana, bali karibu na ncha moja. Hupatikana vyumba viwili, kikubwa na kidogo, kila kimoja na nakala yake. Kikubwa hukizingira kidogo mpaka kukimeza kizima, na kile kidogo kikabaki na utando mara mbili. Baina ya tando hizo hujengwa tabaka nene, na nje yake hupangwa magamba ya protini. Ndani, maji hupungua sana. Kalsiamu na asidi iitwayo dipikoliniki hujaa humo, na protini ndogo hujibandika kwenye DNA kuikinga. Kazi ikiisha, seli mama hupasuka na kufa, spora ikatoka. Haili, haikui, haizai, lakini i hai, kama mbegu iliyokauka ghalani. Kila nikilieleza jambo hili bado hunistaajabisha.

Sasa turudi kwenye sufuria. Bakteria mwenye umbo la kijiti hufa kwa moto wa kawaida. Spora inaweza kustahimili maji yanayochemka kwa dakika kadhaa. Maabara huziua kwa mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121 za Selsiasi. Na hata kabla ya nyama kufika jikoni, aliyechuna ana mikwaruzo mikononi, na kimeta humwingia kupitia hapo.

Ardhi nayo haisahau: spora hukaa udongoni miaka mingi. Mwaka 1942 Waingereza walijaribu kimeta kama silaha katika kisiwa cha Gruinard, Uskoti. Kisiwa kilifungwa, udongo ukaja kunyunyiziwa formalini, dawa ya kuua vijidudu, mwaka 1986, na kikatangazwa salama mwaka 1990. Fikiria malisho yako, ambayo hakuna atakayekuja kuyanyunyizia chochote.

Basi mwite afisa mifugo. Akihitaji sampuli, atachukua damu kidogo tu bila kupasua mwili. Fukuza mbwa na watoto. Mzoga uchomwe hadi majivu au uzikwe kwenda chini kama mita mbili, pamoja na udongo uliolowa damu.

Chanjo ipigwe kila mwaka penye historia ya kimeta. Inayotumika sana ilitokana na kazi ya Max Sterne, Afrika Kusini, miaka ya 1930, nayo yenyewe ni spora hai, za aina iliyopoteza ganda linalomwezesha bakteria kuukwepa ulinzi wa mwili. Ndiyo maana nasisitiza usimchome mnyama antibiotiki siku za chanjo: zitaua chanjo yenyewe.

Na kama umeshashika mzoga wa aina hiyo, kisha ukatokwa na kipele kisichouma kinachogeuka kidonda chenye kigaga cheusi, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kimeta cha ngozi kinatibika vizuri kikiwahiwa. Mwambie mhudumu waziwazi kwamba ulishika mnyama aliyekufa ghafla.