Tahiti kwa tumbo la mtu wa pwani

Siku mbili za kwanza Tahiti, kisiwa kilicho chini ya Ufaransa katika bahari ya Pasifiki, nilikula ovyo na kwa bei ya kutisha. Nilifikia hotelini, uchovu wa safari ukanifanya niogope kutoka, nikaagiza burga na soda. Risiti ilipokuja niliigeuza nyuma nikidhani labda wameniandikia na chumba. Siku ya tatu nikashuka mjini Papeete, na kuanzia hapo hoteli ilibaki ya kulala tu.

Jioni nenda Place Vaiete, karibu na bandari. Kuanzia kama saa kumi na mbili magari ya chakula, wenyewe wanayaita roulotte, hupanga viti vya plastiki na kuwasha majiko. Kuna nyama za kuchoma, samaki, na tambi za kukaanga za Kichina, maana Wachina wameishi kisiwani tangu karne ya 19. Lipa kwa faranga za Pasifiki. Faranga 1,000 ni kama euro 8.40. Bakshishi si desturi yao, usijisumbue. Kama huli nguruwe, sema mapema «sans porc», kwa sababu humo kwenye tambi anajificha sana.

Ila chakula chenyewe cha kukufanya usahau safari ni ia ota. Jodari mbichi! Najua, nami nilikunja uso. Mama mwenye nyumba ya wageni niliyohamia Moorea, kisiwa jirani, alinifundisha jikoni kwake. Alikata jodari vipande vya ukubwa wa kete, akavisuuza kwa maji ya chumvi, akakamulia ndimu. Mimi nikanyoosha mkono niongeze ndimu nyingine, tunavyofanya kwetu tukimwandaa samaki, akanipiga kikofi cha mkono. Ndimu ikizidi au ikikaa sana, samaki anakauka na kuwa mgumu. Dakika chache tu, nje anaanza kuwa mweupe na ndani bado mwekundu. Hapo ndipo tango, nyanya na kitunguu vinaingia, na mwisho kabisa tui zito lililokamuliwa muda huo huo. Nazi aliikuna mwenyewe, amekalia kibao chenye ulimi wa chuma wa meno meno. Mbuzi yetu kabisa! Nilimwomba nikalie mimi, na hapo ndipo aliponikubali.

Jodari ni wa bahari kuu, hana neno. Wa kuogopa ni samaki wa kwenye matumbawe. Baadhi yao hubeba sumu ya ciguatera, inayotokana na vijimea vidogo sana vya kwenye miamba: samaki wadogo wanavila, wakubwa wanawala wadogo, sumu inajilimbikiza. Kupika hakuiondoi, wala kugandisha. Ukiipata unatapika, midomo inakufa ganzi, na kitu cha baridi unakihisi kama kinakuunguza. Kwa hiyo samaki wa miamba usinunue kwa mtu usiyemjua kando ya barabara. Waulize wenyeji, wanajua upande upi wa kisiwa una samaki salama.

Jumapili amka alfajiri. Soko la Papeete hufurika kuanzia saa kumi na moja, na ukifika saa tatu utakuta wanafagia. Huko ndiko kuna firi firi, binamu wa mahamri: unga uliokandwa kwa tui, ukasokotwa kama namba nane, ukakaangwa. Chukua na kahawa.

Na mtu akikualika mlo wa Jumapili, usikatae. Shimo huchimbwa, mawe yakapashwa moto, chakula kikafunikwa kwa majani ya mgomba saa kadhaa: nguruwe, magimbi, ndizi za fei, kuku na majani ya magimbi kwa tui, na shelisheli. Ndiyo, shelisheli ile ile ya Unguja na Pemba. Hapa wanaiita uru, na ndiyo iliyoileta meli ya Bounty kisiwani mwaka 1788, Waingereza wakitafuta miche ya kupeleka Karibea iwalishe watumwa. Unakula kwa mkono, wala hakuna atakayekushangaa.

Mengine ni madogo. Maji ya bomba Papeete yananyweka. Visiwa vingine uliza kwanza. Mchana, mkate mrefu wa Kifaransa uliojazwa nyama na chipsi unashibisha kwa bei nafuu kuliko chochote cha hotelini. Bia yao ni Hinano, ya tangu 1955, lakini mimi ni mtu wa dafu.

Nikasahau fafaru: samaki aliyelowekwa kwenye maji ya bahari yaliyochachushwa. Harufu yake ilifika mezani kabla ya bakuli. Nilikula vipande viwili kwa heshima ya mwenye nyumba, na kusema kweli, ndani ya tui ladha yake si mbaya hata kidogo. Shati nililovaa siku hiyo nimelifua mara tatu.