Maswali na majibu: Ototransfoma ya njia tatu bila kuuza shamba

Tangu nilipogusia mashine za mtumba zinazoshuka bandarini, maswali yamenijia mengi kuliko ninavyoweza kuyajibu kwa mkupuo mmoja. Nimechagua sita. Karibu yote yana kiu moja: namna ya kupata transfoma ya njia tatu, yaani ya fezi tatu, kwa gharama anayoiweza mwenye karakana ndogo.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa kukereza vyuma, Arusha. Nimenunua mashine ya Kijapani, kibati chake kinasema volti 200, njia tatu, mota ya kilowati 7.5. Umeme wangu ni volti 400. Nimeambiwa nitafute transfoma ya kVA 10, bei yake imenitoa jasho. Naweza kusukiwa ya bei nafuu?

Marahaba, mwanangu. Unaweza, na wewe una bahati, kwa sababu kutoka 400 kwenda 200 hesabu yake ni nyepesi.

Transfoma ya kawaida ina koili mbili zisizogusana. Nguvu yote inaingia koili ya kwanza, inageuka kuwa sumaku ndani ya chuma, kisha inatoka koili ya pili. Chuma na shaba vinabeba mzigo wote. Ototransfoma ina koili moja tu kwa kila fezi, na katikati yake pametolewa mguu wa kuchukulia volti ndogo. Sehemu ya nguvu inapita moja kwa moja kwa waya, na ni sehemu iliyobaki tu inayopitia kwenye sumaku. Ukitaka kujua ni kiasi gani, toa volti ndogo kwenye volti kubwa, gawanya kwa volti kubwa, halafu zidisha kwa kVA za mzigo, yaani ukubwa wa nguvu unaovutwa. Kwako: 400 kutoa 200, gawanya kwa 400, ni nusu. Kwa hiyo fundi atakusukia kitu chenye mwili wa kVA 5 kitakachobeba kVA 10. Unafuu wako unaanzia hapo, kabla hata hujaanza kubishana bei ya shaba.

Sasa tuingie kwenye vipimo. Mzigo wa kVA 10 kwa volti 200 unavuta ampea 28.9 kila fezi. Upande wa 400 ni ampea 14.4. Koili ya juu, kati ya 400 na mguu wa 200, inapitisha 14.4. Ya chini, kati ya mguu huo na nyota (pale ncha za mwisho za koili tatu zinapokutana), inapitisha tofauti ya hizo mbili, yaani 14.4 vilevile. Maana yake ni kwamba utanunua waya wa unene mmoja tu kwa koili zote. Si jambo dogo hilo kwa mtu anayenunua waya kwa kilo na kuachiwa vipande.

Ukifunga kwa nyota, kila koili inapokea volti 231. Kwa bati nzuri za transfoma, zile zenye punje zilizolazwa upande mmoja, fanya kazi kwa tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha sumaku ndani ya chuma). Kiini chenye sentimita mraba 30 za chuma halisi kitakupa volti 1 kwa kila mzunguko kwenye hezi 50. Hivyo unahitaji mizunguko 231, na mguu unautoa kwenye wa 115 au 116. Waya wa milimita mraba 5 unatosha. Kwa hesabu yangu hiyo ni kama kilo 11 za shaba kwa koili zote tatu, na chuma kilo 25 hivi. Mpelekee fundi wako namba hizi, mwambie azikague mwenyewe kabla ya kukata waya.

Akikuambia atatumia bati za mashine kuukuu ya kuchomelea, usikatae, ila ashushe sumaku hadi tesla 1.2. Kiini kitahitaji sentimita mraba 37 au 38, la sivyo mizunguko iongezeke kwa robo. Anayebana hapa ili apate kiini kidogo atakuletea transfoma inayonguruma usiku, volti zinapopanda, na kuchemka bila mzigo wowote.

Na kabla hujatoa hela, fungua kisanduku cha mota. Kama mashine yako ni ya kizamani, haina mitambo ya kielektroniki, uliza bei ya mota ya volti 400 yenye nguvu hiyohiyo. Mara nyingine kubadilisha mota na kuweka kitransfoma kidogo cha swichi ni nafuu kuliko yote niliyokueleza.

Nipo Mombasa. Nimepata kompresa iliyotoka Marekani, mota ya volti 480, hezi 60. Fundi ananiambia nipandishe volti zangu kwa ototransfoma. Itanigharimu kiasi gani?

Usipandishe, ndugu yangu. Mota haiangalii volti peke yake, inaangalia volti kwa kila hezi. Gawanya 480 kwa 60, unapata 8. Gawanya 400 kwa 50, unapata 8 ileile. Kwa umeme wetu wa hezi 50, mota hiyo inataka volti 400, na 415 ya Kenya haina ubaya wowote. Ukiipelekea 480 kwa hezi 50 chuma chake kitashiba sumaku, itavuta ampea nyingi bila kazi, na koili zitaungua ukiwa umelipa pesa nyingi ili ziungue.

Itazunguka polepole zaidi, hilo lazima ulijue. Iliyokuwa ikikimbia karibu mizunguko 1800 kwa dakika sasa itakimbia karibu 1500, na nguvu itashuka kwa uwiano huohuo. Kama unataka hewa ileile, badilisha puli, na upime ampea usivuke zile za kibati. Kinachohitaji kuangaliwa ni kitransfoma cha udhibiti na koili za kontakta, ile swichi inayovutwa na sumaku. Hivyo ni vitu vidogo, na bei yake ni ndogo.

Alumini badala ya shaba: wizi au akili?

Ni akili, mtu akifanya hesabu yake. Alumini inapitisha umeme kwa asilimia 61 hivi ya shaba, kwa hiyo waya wa milimita mraba 5 unakuwa wa 8. Lakini alumini ni nyepesi sana. Zile kilo 11 za fundi wa Arusha zinageuka kuwa kilo 5 na kidogo, na kilo ya alumini bei yake iko chini mno ya kilo ya shaba. Waya mnene unataka dirisha pana la kiini, hivyo chuma kitaongezeka kidogo.

Wizi unaingia pale fundi anapoweka alumini ya milimita mraba 5 na kukuuzia kama shaba. Pima uzito. Udhaifu wake mwingine uko kwenye maungio: alumini inajivika kutu nyembamba isiyopitisha umeme, na ikibanwa na bolti ya kawaida inalegea kadiri inavyopata moto na kupoa. Dai vichwa vya kubana vya shaba na alumini, na washa za springi, zile pete zinazobaki zimebana. Nikiambiwa transfoma ya alumini imeungua, mahali pa kwanza ninapotazama ni kwenye bolti.

Kiwanda chetu kidogo cha kufungasha kiko Thika. Mashine ni ya Kichina, volti 380. Usiku tunapima hadi 430 na mitambo inajizima. Mzigo ni kVA 10. Tumetajiwa transfoma kubwa ya njia tatu.

Mchana mkipata 415, msifanye lolote. Mashine ya 380 kwa kawaida huvumilia asilimia 10 juu, yaani 418. Tatizo lenu ni zile volti chache za usiku, na kuziondoa hakuhitaji transfoma kubwa.

Tafuteni transfoma mbili za kawaida za fezi moja, zile za kwenye paneli za udhibiti, volti 400 kwenda 24, kila moja VA 500. Mbili, si tatu. Fezi ya kati inapita bila kuguswa. Koili ya 400 ya kila transfoma inafungwa kati ya fezi ya pembeni na ile ya kati, upande wa umeme unaoingia. Koili ya 24 inakaa kwenye njia ya fezi ya pembeni, imegeuzwa ili ipunguze. Umeme ukiwa 430, kila moja inatoa volti karibu 26 na mashine inapata 404. Mzigo wenu utavuta ampea zipatazo 14.3, ambazo kwa volti 26 ni VA 370 hivi kwa kila transfoma. Jumla ya VA 1000 za dukani inafanya kazi mliyotajiwa mtambo mzima.

Hakikisheni koili ya 24 inaruhusiwa kukaa kwenye volti za laini, kwa sababu nyingine zimetengenezwa kwa sakiti ndogo tu. Pimeni kabla ya kuunganisha mzigo: mkiona 456 mmefunga kinyume, geuzeni. Ufungaji huu hauna nyutro, kwa hiyo taa na soketi zisiunganishwe humo.

Na fundi asiweke fyuzi kwenye koili ya 400 peke yake. Ulinzi ukae mwanzoni, ukate fezi zote tatu pamoja. Sababu nitaieleza kwenye swali la mwisho.

Ni mbinu hiyohiyo ya koili mbili badala ya tatu ambayo wasukaji hunufaika nayo hata kwenye ototransfoma kamili. Shaba inaongezeka kwa asilimia 15 hivi kwa sababu mzigo haugawanyiki vizuri, lakini kazi ya kusuka inapungua, na viini vya fezi moja ni rahisi kupata.

Kisima cha kijiji chetu, Singida, kina pampu ya kilowati 22 iliyozama, nyaya tatu tu zinatoka juu. Ikiwashwa, kijiji kizima taa zinafifia. Nyota-delta imeshindikana.

Imeshindikana kwa sababu nyota-delta, yaani kuiwasha mota kwa nyota kisha kuibadilisha iwe delta, inataka nyaya sita. Hapa ototransfoma ndiyo yenyewe, na inaweza kuwa ndogo kuliko mnavyodhani.

Mota hiyo ikiwa kazini inavuta kama ampea 42. Ikiwashwa moja kwa moja inaruka hadi 272 hivi. Mkiipa asilimia 65 ya volti, mota itavuta 177, lakini laini ya kijiji itaona 115 tu, kwa sababu ototransfoma nayo inapunguza mara ya pili. Nguvu ya kuzungusha inabaki asilimia 42, na pampu ya kisima haihitaji kubwa mwanzoni.

Transfoma hii inafanya kazi sekunde chache kisha inapumzika. Kwa kazi ya mfululizo ningepitisha ampea 2.5 hadi 3 kwa milimita mraba. Hapa napitisha 20. Shaba inapanda joto kama nyuzi 2.3 kila sekunde, kwa sekunde 3 ni nyuzi 7. Hivyo waya wa ampea 115 unakuwa wa milimita mraba 6 badala ya 46. Dai ufungaji aliouvumbua Max Korndörfer wa Berlin, aliyepewa hataza yake Marekani mwaka 1914: nyota inafunguliwa kwanza, koili inabaki kama breki ya ampea kwa muda mfupi, kisha kontakta kuu inafunga. Mota haikatiwi umeme katikati.

Lakini kontakta ikikwama, dakika moja tu ni nyuzi 140. Kwa hiyo wekeni taima ya pili, na swichi ya joto ndani ya koili. Hapo msibane hata shilingi.

Ni kweli ototransfoma inaua?

Nalichukulia swali hili kwa uzito wote. Upande wa 200 haujatenganishwa na upande wa 400. Ukishika waya wa 200 na ardhi, umeshika umeme uleule wa gridi. Mbaya zaidi, koili ya chini ikikatika, au fyuzi iliyowekwa mahali pabaya ikiungua, mashine ya volti 200 inapokea hadi 400 kupitia koili ya juu. Niliwahi kuitwa kwenye karakana moja ambako waya wa nyota ulilegea. Bodi za mashine zilikuwa zimepasuka, na kijana aliyekuwa akiiendesha alikuwa bado anatetemeka.

Kwa hiyo unganisheni nyota na nyutro inayoingia, kwa bolti mbili, bila fyuzi wala swichi ya peke yake. Wekeni relei ya kupima volti upande wa kutoka, ikate kontakta zikipanda. Waya wa ethi upite mzima hadi kwenye mwili wa mashine.