Muulize Fundi: Bushi, shafti na maji ya chumvi

Shikamoo fundi. Boti yangu hapa Nungwi nilichongesha bushi, ile pete inayoishika shafti ya propela, kwa nailoni. Mwanzo ilizunguka vizuri, sasa shafti nzito na inapata moto. Nimeuziwa nailoni mbovu?

Marahaba. Huenda nailoni haina kosa. Hunywa maji, na ikishiba huvimba. Kwa nje imebanwa na chuma, basi huvimbia ndani na kuikaba shafti. Aliyeichonga aliipima ikiwa kavu.

Weka bushi ya mpira yenye mifereji, iliyovishwa ganda la bronzi (shaba na bati). Kilainishi chake ni maji ya bahari yenyewe: yanapita kwenye mifereji, yanapoza, na yanautoa mchanga. Hili la mchanga nalisisitiza, maana boti zetu hupwelewa kila maji yakitoka. Chembe ikijikita kwenye bushi laini isiyo na mifereji, haitoki tena. Itaikwangua shafti mzunguko baada ya mzunguko. (Meli za mvuke za karne ya 19 zilitumia bushi za mti uitwao lignum vitae, mgumu, wenye mafuta yake, nazo zikilainishwa na maji hayo hayo.)

Boti ikiwa juu, shika shafti uitikise. Ikicheza kuliko ilivyokuwa ilipofungwa mpya, badilisha bushi. Usisubiri shafti iliwe, hiyo ndiyo ghali.

Fundi wa hapa Wete ananiambia brasi na bronzi ni shaba tu, zote sawa baharini. Kweli?

Si kweli, na usimruhusu akufungie brasi. Brasi ni shaba na zinki, na maji ya chumvi huifyonza zinki. Ikwangue kwa kisu: ukiona mabaka ya waridi na chuma kinamong'onyoka, imekwisha. Bronzi, shaba na bati, hustahimili.

Nauza juisi ya miwa Forodhani. Pini na bushi za mashine zote ni stenlesi, lakini zimeng'ang'aniana.

Pole dada. Stenlesi ikisuguana na stenlesi kwa mzigo mkubwa, ngozi yake ya juu huchanika, vyuma vikashikana. Bakisha pini, bushi iwe ya poliethilini, plastiki, ya daraja la chakula. Bronzi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, usiiweke kabisa, juisi inaigusa.

Bushi ya plastiki ya Teflon je, kwa bawaba za geti zito?

Inateleza sana, lakini ni laini. Geti litaikamua itoke pembeni. Tumia bushi ya bronzi, uipake grisi.