Manukato mengi humfukuza mwenzio

Umeuliza kwa nini mwenzio husogea pembeni kila ukijipulizia manukato. Ndugu yangu, pua yako huizoea harufu ndani ya dakika chache, ukadhani imeisha, ukaongeza. Yeye anaipata yote kwa mpigo. Pulizia mara 2 tu kwenye ngozi safi, nusu saa kabla ya kukutana naye, basi. Jasho lililokaukia kwenye nguo halifunikwi, hiyo ni ya kufua.

Mimi ningeutilia mkazo mguso, akiridhia. Ngozi yenye vinyweleo, mfano chini ya kiwiko, ina neva zinazoitikia zaidi kupapaswa taratibu: sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, kwa kiganja chenye joto. Ukiharakisha, au mkono ukiwa baridi, raha inapungua. Na akiongea, zima redio umsikilize.