Kabla Hujaomba Uzamili wa Uhandisi wa Anga

Vijana wengi waliomaliza digrii ya uhandisi mitambo au umeme huniuliza swali lilelile: niombe Delft kule Uholanzi, Toulouse ya Ufaransa, Stuttgart ya Ujerumani au Roma? Mimi nilisoma Roma, Chuo Kikuu cha Sapienza, na nakipenda mpaka leo. Lakini sina jibu la kukupa mpaka uniambie unataka kazi gani baadaye, na utaifanyia wapi. Katika fani hii pasipoti yako ina uzito kama alama zako.

Chukua Marekani. Huko roketi na sehemu kubwa ya teknolojia ya vyombo vya angani ziko chini ya sheria za kudhibiti silaha, maarufu kama ITAR. Kampuni haiwezi kukuonyesha michoro yake kama wewe si raia, mkaazi wa kudumu au mtu aliyepewa hifadhi ya ukimbizi, isipokuwa serikali itoe kibali. Unaweza kuhitimu na alama za juu kabisa, halafu kila tangazo la kazi unalofungua lina sharti hilo. Ulaya nako, ESA, shirika la anga za juu la nchi za Ulaya, huajiri hasa raia wa nchi wanachama. Sikukatazi kwenda. Ninachokuomba ni kwamba kabla ya kulipa ada ya maombi ufungue matangazo ya kazi unazozitamani, ushuke mpaka chini kabisa, usome wanasemaje kuhusu uraia. Kazi za kuchambua picha za setilaiti, kwa mfano, nimeona zina mlango mpana zaidi kwetu.

Na kama moyo wako uko kwenye hanga, yaani karakana ya ndege, mikono ndani ya injini, uzamili si njia yake. Anayetia saini kwamba ndege iko salama kuruka baada ya matengenezo ni fundi mwenye leseni ya mamlaka ya usafiri wa anga, na leseni ina mafunzo na mitihani yake. Waeleze wazazi jambo hili mapema. Wengi wakisikia habari za ndege hufikiria urubani, na ni wao watakaouza kipande cha shamba.

Kuhusu pesa: vyuo vya umma vya Italia hupima ada kwa kipato cha familia, na mikoa hutoa ufadhili wake wenyewe, kwa hiyo stakabadhi za kipato cha nyumbani zianze kutafutwa na kutafsiriwa mapema. Stuttgart hutoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, lakini viza ya Ujerumani inadai uonyeshe akiba katika akaunti maalumu. Kiwango kilichowekwa mwaka 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka.

Sasa hesabu, maana hapo ndipo watu wazuri hukwama. Fikiria setilaiti ndogo ya sentimita 10 kila upande. Ikisukumwa nje angani huanza kubiringika ovyo. Ndani yake mna koili za waya. Ukipitisha umeme koili inageuka sumaku, na sumaku hiyo inashindana na uga wa sumaku wa dunia. Kompyuta hupima uga unavyobadilika, kisha huwasha koili kwa namna ya kuyapinga mabadiliko hayo, na mbiringiko unapungua polepole. Programu yenyewe ni mistari michache. Lakini ueleze kwa nini koili haiwezi kamwe kuizungusha setilaiti kuuzunguka mstari wa uga wenyewe! Hapo utahitaji vekta, matriki na milinganyo ya mwendo viwe vimekukaa kichwani. Roma mitihani mingi ina sehemu ya mdomo: unakaa mbele ya profesa na karatasi tupu, anakwambia anza. Alama ni kati ya 30, kufaulu ni 18, na ukiona alama haikuridhishi unaweza kuikataa ukarudi tena. Miezi ya kusubiri viza itumie kurudia hesabu za mwaka wa pili, na uiandike programu hiyo ya koili mwenyewe kwa lugha ya kompyuta ya Python.

Tasnifu nayo itafutie mada mapema, na usiogope kutafuta karibu na nyumbani. Setilaiti ya Marekani iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitalia pwani ya Malindi, Kenya, tarehe 12 Desemba 1970, na uhusiano ule na Waitalia haujakatika: setilaiti ndogo 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoachiwa angani Mei 2018, ilijengwa kwa ushirikiano na Sapienza. Waganda nao waliijenga setilaiti yao PearlAfricaSat-1 huko Japani, katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, ambayo pamoja na Umoja wa Mataifa hufadhili wanafunzi wa setilaiti ndogo kutoka nchi zinazoendelea. Ukimwandikia profesa wa chuo unachokitaka, usimwombe nafasi tu. Mtajie makala yake uliyoisoma, mwambie ni mlinganyo upi uliokusumbua, na umwambatishie grafu iliyotoka kwenye programu yako.