Bondi ipi? Kwa mlioanza kazi Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda

Wadogo zangu mlioingia kazini mwaka huu, nimewasikiliza wiki nzima pale kaunta na ninaandika hasira ikiwa bado moto. Dereva wa Kitanzania anauliza kwa nini gari lake limezuiwa, kijana wetu anamjibu, "Bondi yako imekwisha, mzee." Yule mzee aliacha karatasi zote mezani akatoka mbio kutafuta wakili. Alidhani mahakama inamsaka. Siku za transiti, yaani muda aliopewa wa kuupitisha mzigo nchini, ndizo zilizokuwa zimepita, na kilichohitajika ni kuomba nyongeza kwenye mfumo.

Forodha wana bondi, polisi wana bondi, Benki Kuu ina bondi, wauza magari wa Kampala wana bondi. Kiswahili chetu nacho kina "dhamana", linalobeba karibu mizigo hiyo yote peke yake. Ninyi mmekaa katikati, dereva upande huu, ofisa upande ule. Mkiteleza, anayeumia si ninyi.

1. Uliza kwanza kilichoshikwa ni nini: mzigo, mtu au pesa.

Kama ni mzigo, basi ni bondi ya forodha. Bidhaa zinatoka Mombasa kwenda Juba au Beni, hazilipiwi ushuru Uganda kwa sababu hazibaki hapa. URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, inataka hakikisho kwamba zitatoka kweli, kwa hiyo mdhamini, mara nyingi kampuni ya bima au benki, anafunga ahadi kwamba zikipotelea njiani atalipa yeye. Lori likitoka Uganda kwa mpaka wa Elegu au Mpondwe na kuthibitishwa, bondi inafutwa. Dereva hafungwi na hiyo bondi hata kidogo. Mwambieni hivyo, kwa maneno hayohayo, kabla hajauliza.

Na mkisoma "Juba bound" kwenye karatasi, hiyo ni safari ya kwenda Juba. Wiki hii mmoja wenu ameniandikia "bondi ya Juba" kwenye daftari, na karani wa zamu ya usiku akaanza kuitafuta bondi isiyokuwepo.

2. Kama ni mtu, uliza nani amemshika.

Polisi wakimwachia mtu ili aendelee kuripoti kituoni, hiyo ni dhamana ya polisi, na ni bure. Kwenye vituo vingi wameiandika ukutani. Katiba inataka mtu afikishwe mahakamani kabla saa 48 hazijapita. Akishafika huko, hakimu ndiye anayetoa dhamana ya mahakama, na huyo anaweza kudai fedha taslimu, zenye risiti, zinazorudishwa kesi ikiisha kama mshtakiwa hakukimbia. Waganda wamelimaliza jambo hili vizuri: akakalu ka poliisi ni dhamana ya polisi, akakalu ka kkooti ni dhamana ya mahakama. Mwenye nacho anatajwa palepale. Igeni.

Mimi sikuiga, na yaliyotokea nayabeba hadi leo. Dereva wetu mmoja, mtu wa Changamwe, Mombasa, alimgonga mwendesha bodaboda karibu na Naluwerere, pale Bugiri. Hakuna aliyekufa, ila polisi walimzuia. Lori lilikuwa na mafuta ya kupikia ya kwenda Juba. Meneja alikuwa simu sikioni, akihangaikia mzigo uliosimama barabarani, akaniambia bila kugeuka: "Bondi ni milioni 38, isituishie mkononi." Alikuwa anasema habari za forodha. Dakika ileile simu yangu ikalia, mke wa dereva.

"Kaka'angu, niambie kweli. Wamemshika?"

Nikamwambia ndiyo, lakini asiwe na hofu, kuna dhamana.

"Ni ngapi hiyo dhamana?"

Nikasema milioni 38. Sikuwaza. Namba nilikuwa nimeisikia sasa hivi, neno lilikuwa lilelile, ulimi ukaviunganisha. Sikumwambia hata kwamba ni shilingi za Uganda. Alinyamaza, nikamsikia mtoto akilia nyuma yake, kisha akasema, "Haya, tutatafuta," akakata. Mimi nikarudi kwenye mafaili yangu. Hapo ndipo kosa langu lilipokuwa kubwa zaidi: nilisikia ule ukimya na sikupiga tena.

Usiku ule ndugu zake walikaa kikao. Alfajiri ng'ombe wawili wa maziwa wa mama mkwe wakauzwa kwa bei ya kutupa, kwa mtu aliyejua wana shida. Mchana wake dereva akatoka kituoni kwa dhamana ya polisi. Mwenzake wa kazi alisimama kama mdhamini na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, wakatia sahihi, wakaondoka bila kulipa hata shilingi. Alipompigia mkewe ampe habari njema, ndipo nilipojua nilichokifanya. Nilimpigia yule mnunuzi mara nyingi nikimsihi arudishe ng'ombe kwa bei aliyowanunulia. Alikataa. Nilituma nilichoweza kutoka kwenye mshahara wangu, na yule mama mkwe akanishukuru kwa upole ulioniumiza kuliko matusi. Ng'ombe hawakurudi.

Kwa hiyo mkiniona nakuwa mkali kaunta kwa sababu ya neno moja, mjue ninaisikia ile simu.

3. Mtu wa Kampala akisema "gari nimeliona bondi", anasema yadi. Ni magari yaliyotumika, yamewekwa kwenye ghala la forodha ushuru ukiwa bado, na mnunuzi anachagua humohumo. Muulize kama bei aliyopewa ina ushuru ndani.

4. Kama ni pesa, ni hatifungani. Serikali inakopa kupitia Benki Kuu ya Uganda, kwa miaka 2 au zaidi. Zile fupi, za siku 91, 182 na 364, huitwa bili za hazina, na hapo ndipo wengine mnapochanganya na bili ya shehena ya meli. Ile ya meli ni hati inayoonyesha mzigo ni wa nani. Haina riba.

5. Sikilizeni beili na belo. Beili ni ile dhamana ya mahakama, inatoka kwa hakimu. Belo ni robota la mitumba la kwenda soko la Owino, Kampala. Kwenye simu mbovu, lori likinguruma, yanasikika ndugu. Mwombeni mtu arudie. Hakuna aliyewahi kufukuzwa kazi kwa kuomba arudiwe.

6. Mwenzenu aliyepelekwa kusoma na mwajiri wake naye atasema amewekewa bondi. Amesaini kuitumikia ofisi miaka kadhaa akirudi. Mpongezeni, msimtafutie mdhamini.

7. Ujumbe wa simu usiwe na neno "bondi" peke yake, wala "dhamana" peke yake. Mnaweza kuandika kurasa nzima kuhusu Arsenal kwenye WhatsApp, kwa hiyo hii haiwashindi: "Dereva ameachiwa kwa dhamana ya polisi, hakuna malipo. Mzigo bado uko chini ya bondi ya forodha, gari linaendelea Elegu." Mke wa dereva atumiwe huohuo, na baada ya kumtumia mpigieni simu.