Mgeni njoo, ila chapati weka pembeni

Toka niseme kwamba nina siliaki maswali hayaishi, na mengi yanahusu safari na kula kwa watu, sio hospitali. Kwa wasiojua, siliaki ni hali ambayo mtu akila gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka nyingine ya jamii ya ngano), mwili wake wenyewe unaanza kuushambulia utumbo mwembamba. Dawa ya kumeza hakuna, ni kuacha maisha yote. Haya, nijibu yenu.

Naenda Kasulu kutambulishwa kwa wakwe. Nikikataa chapati si wataniona nina maringo? (Dada wa Tabora mjini)

Hili ndo gumu kuliko yote dada, kwasababu chakula chetu cha kila siku wala hakina shida. Ugali wa muhogo, maharage, kisamvu, migebuka ya kuchemsha na mawese, kula mpaka uchoke. Shida ni heshima. Mgeni akiingia ndo unga wa ngano unatoka kabatini, asubuhi maandazi, mchana chapati, jioni tambi, yaani kadiri wanavyokupenda ndivyo unavyozidi kuwa hatarini.

Usisubiri mpaka mkono umeshanawa. Mwambie mchumba apige simu siku mbili tatu kabla na asiongee na baba, aongee na wifi au shangazi anayekaa jikoni, na neno gluteni aliache hukohuko, aseme ngano halafu avitaje vitu kwa majina, chapati, maandazi, mkate, tambi, sambusa, biskuti, na uji wa lishe kama unga wake umechanganywa na ngano. Halafu aseme unachokipenda, hapo ndo watu wengi wanakosea, wanataja wasivyokula tu wanamwachia mama wa watu kichwa kinamuuma. Mwambie "anatamani ugali wa muhogo na migebuka ya kwenu" uone atakavyofurahi.

Mi mwenyewe niliponzwa Mwandiga. Nilisema sili ngano, mama akaitikia vizuri tu, asubuhi akaniletea vitumbua vya mchele, vya moto, nikala vitatu na chai. Mchana tumbo limejaa kama ngoma, naharisha, najifunga kanga naifungua. Wifi ndo akakumbuka, "lakini si huwa tunatia ngano kidogo vishikane?" Mama hakuwa na kosa, kwake vile ni vitumbua vya mchele na mimi sikuuliza. Alinisindikiza stendi begi langu kalibeba yeye, anaomba msamaha mpaka aibu ikanirudia mimi.

Ukiona maelezo yanakuwa marefu sema "ngano ni mwiko kwangu, daktari kanikataza". Mwiko kila mtu anauelewa, kuna koo hazili samaki fulani na hakuna anayewalazimisha. Ila hilo la daktari usilisahau, usije ukaambiwa una mambo ya kwa mganga.

Rafiki zangu wanasema "kidogo tu haikuui". Ni kweli? (Kijana, Ujiji)

Haikuangushi hapohapo, ni kweli, na ndo maana hawakuamini. Lakini utumbo unaumia hata siku ambayo hujasikia kitu. Viwango vya kimataifa vinataka chakula kinachoitwa hakina gluteni kisizidi miligramu 20 kwa kilo nzima, sasa pima mwenyewe, kipande cha chapati kinavuka hapo mbali sana. Kwa hiyo hata chips zilizokaangwa kwenye mafuta ya sambusa hapana, moto hauiondoi gluteni, na samaki wa kukaanga uliza kwanza kama wamempaka unga wa ngano asigande.

Wakibisha wape hadithi ya Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi. Baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945, vita imebana, mkate hakuna, watu wanakufa njaa, ila watoto wenye siliaki aliokuwa anawatibu wakawa wanapata nafuu. Mkate uliporudi wakaugua tena. Alikuwa ameshaihisi ngano tangu zamani, mwaka 1950 akaandika tasnifu yake ya shahada ya uzamivu juu ya hilo.

Treni ya Tabora kwenda Kigoma nitakula nini?

Beba chako. Mayai ya kuchemsha, karanga, viazi vitamu, ndizi, na msimu wa maembe Tabora hutalala njaa. Vya dirishani chukua vile unavyoviona vilivyo, muhogo wa kuchemsha ni muhogo, hindi ni hindi. Kitu cha rojo usichojua kimekorogwa na nini mwache muuzaji apite.

Mimi Mkatoliki, hostia je?

Hostia, ule mkate wa komunyo, ni ngano, na sheria ya Kanisa inataka iwe ngano, isiyo na gluteni kabisa haikubaliki. Ila zipo zenye gluteni kidogo sana, na pia mlei anaweza kukomunika kwa divai peke yake, Vatican imeshaliandikia hilo. Muone paroko kabla ya misa, sio kwenye foleni, na umuombe kikombe chako kiwe kile ambacho hakijatumbukizwa kipande cha hostia. Ukiwa parokia ya ugenini nenda mapema zaidi.

Tumbo langu linajaa gesi kila nikila mkate, nimeshaamua kuacha ngano kuanzia jumatatu. (Shemeji mmoja, Urambo)

Subiri kwanza shemeji. Kipimo cha damu kinatafuta askari ambao mwili unawatengeneza dhidi ya gluteni, ukiacha kula wanapungua, majibu yanasema huna kitu wakati unacho, halafu utazunguka hospitali miaka. Na gesi inaweza kuwa mambo mengine kabisa. Nenda kamuone daktari, mwambie unataka kupimwa siliaki, na mpaka damu itolewe endelea na chapati zako. Zile ambazo sisi tunazikataa kwa wakwe, kula kwa niaba yetu.